Béla III, Béla IV, Lajos au Mátyás: uanze na mfalme gani wa Hungaria?

Anayetaka kuwasoma wafalme wa Hungaria wa Zama za Kati hukwama kwenye majina kabla hajafika kwenye vita. Kuna Béla wanne, András watatu na István watano, na karibu kila mmoja ana mkwe au shemeji aliyekalia kiti cha enzi cha jirani. Binti aliyeitwa Margit nyumbani kwao, akiolewa Konstantinopoli anakuwa Maria. Mfalme ambaye Wahungaria wanamwita Lajos, Wapolandi wanamwita Ludwik na Waingereza wanamwita Louis. Nilipoanza kuzichora nasaba hizi kwenye daftari, ukurasa wa tatu ulikuwa umejaa mishale hata mimi mwenyewe siwezi kuisoma.

Kwa hiyo sikushauri uanze mwaka 1000 ukateremka mfalme kwa mfalme. Chagua mmoja, umjue yeye na wakwe zake, kisha upanue duara. Nakuwekea wanne hapa. Mtakatifu István, mfalme wa kwanza, nimemwacha makusudi: alimwoa Gizella, dada wa Kaisari Heinrich II, lakini mwanawe Imre alikufa mawindoni mwaka 1031 kabla ya baba yake, na habari za ukoo wake wa karibu zinakatika hapo. Zsigmond naye, aliyetawala miaka 50 (1387–1437), anakudai kwanza uyajue mambo ya Ujerumani, Bohemia na mtaguso wa Konstanz, yaani mkutano mkuu wa Kanisa. Huyo ni wa baadaye.

Vipimo ni vinne, na kila mfalme atapita kwenye vyote. Alitoka wapi, kuumeni na kukeni? Alioa wapi na kuozesha wapi? Alipofariki, kiti kilimwendea nani? Na kimebaki nini ambacho mtu anaweza kukitazama kwa macho yake? Upande wa kukeni nimeupa nafasi kubwa, kwa sababu katika Hungaria taji lilipita mikononi mwa wanawake mara nyingi kuliko orodha za wafalme zinavyoonyesha.

Kuumeni na kukeni

Béla III (1172–1196) ni wa ukoo wa Árpád, ulioanzisha ufalme wenyewe. Baba yake ni Géza II, mama yake ni Eufrozina, binti wa Mstislav wa Kiev. Kinachomtofautisha na jamaa zake ni malezi. Mwaka 1163, akiwa kijana wa miaka 15 hivi, alipelekwa Konstantinopoli kwa mapatano kati ya kaka yake, Mfalme István III, na Manuel Komnenos, kaisari wa Bizanti, dola ya Wagiriki. Akachumbiwa binti wa kaisari, akapewa jina jipya la Alexios na cheo cha despotes, cha pili baada ya kaisari mwenyewe. Na Manuel hakuwa mgeni kwake: mama yake alikuwa Piroska, binti wa Mfalme László I wa Hungaria. Kijana alikwenda kulelewa na ndugu wa mbali aliyetaka kumfanya mkwe.

Béla IV (1235–1270) ni mjukuu wa Béla III. Mama yake, Gertrúd wa Merania, alikuja Hungaria na ndugu zake wakafuata nyuma. Mmoja wao, Berthold, akapewa uaskofu mkuu wa Kalocsa. Wakuu wa nchi waliona mali na vyeo vinakwenda kwa wageni. Mwaka 1213, Mfalme András II, baba yake Béla, alipokuwa safarini kuelekea Halych, nchi jirani ya mashariki, walimuua malkia. Béla alikuwa na miaka kama saba.

Lajos I (1342–1382) kuumeni ni wa ukoo wa Anjou wa Napoli, tawi la wafalme wa Ufaransa. Haki yake juu ya Hungaria ilitoka kwa mwanamke mmoja: Maria, binti wa István V, aliyeolewa Napoli mwaka 1270 na akawa bibi mzaa baba wa Károly Róbert, baba yake Lajos. Kukeni, mama yake ni Elżbieta wa Polandi, dada wa Mfalme Kazimierz.

Mátyás (1458–1490), anayejulikana zaidi kama Matthias Corvinus, hana mfalme kuumeni wala kukeni. Baba yake, János Hunyadi, ni jemadari aliyewazuia Waturuki wa Osmani (Waosmani) Belgrade mwaka 1456. Mwaka uliofuata kaka yake László alikatwa kichwa kwa amri ya Mfalme László V, na kabla ya mwaka kwisha mfalme huyo naye akafa bila mtoto. Januari 1458 wakuu walikusanyika, jeshi la mjomba wake Mihály Szilágyi likiwa karibu, na simulizi zinasema Mátyás alitangazwa mfalme juu ya barafu ya mto Danube. Mwenyewe hakuwepo. Alikuwa Prague, mateka mwenye umri wa miaka 14, mikononi mwa Jiří wa Poděbrady.

Hapa kuna jambo ambalo msomaji wa Kiswahili ataliona haraka kuliko wengi. Watazame wajomba. Mjomba wa Béla IV alileta chuki iliyochangia kifo cha dada yake. Mjomba wa Lajos, Kazimierz, hakuacha mwana wa ndoa, akamrithisha mpwa wake Polandi nzima mwaka 1370. Mjomba wa Mátyás alimpatia taji, na kabla mwaka 1458 haujaisha mpwa akamtia kifungoni. Vitabu vingi huwataja kama watu watatu wasiohusiana na huwaita wote kwa neno moja linalochanganya ami na mjomba. Ukiwasoma kwa lugha yetu, ujomba wenyewe unakueleza nusu ya kisa.

Walikooa, walikoozesha

Kwa Béla III, uchumba uliompeleka Konstantinopoli haukufika kwenye ndoa. Mwaka 1169 Manuel alipata mwana, mrithi wa damu yake. Béla akashushwa cheo, posa ikavunjwa, akaozwa Agnes wa Antiokia, ambaye mama yake na mama wa mke wa Manuel ni mmoja. Alipofiwa na Agnes aligeukia magharibi, na mwaka 1186 akamwoa Marguerite, binti wa Louis VII wa Ufaransa na mjane wa Henry Kijana wa Uingereza. Mke wa kwanza ni wa dunia ya Vita vya Msalaba, wa pili ni wa Paris, na ndani ya maisha ya mtu mmoja unaona Hungaria ikitazama mashariki kisha ikigeuza uso. Lakini hakuuvunja mlango wa mashariki: binti yake Margit aliolewa bado mtoto na Kaisari Isaakios II Angelos. Mji wa Konstantinopoli ulipotekwa mwaka 1204, Margit huyo, akiwa mjane, aliolewa na Bonifacius wa Montferrat, mmoja wa viongozi wa jeshi lililouteka.

Béla IV ndiye ninayependa kukaa naye. Alimwoa Maria Laskarina, binti wa kaisari wa Nikaia, dola ya Wagiriki iliyoanzishwa baada ya Konstantinopoli kutekwa. Tarehe 11 Aprili 1241 jeshi lake lilivunjwa na Wamongolia huko Muhi, kando ya mto Sajó. Alikimbilia kwa jirani yake Friedrich wa Austria, ambaye badala ya kumsitiri alimtoza fedha na kumnyang'anya wilaya za mpakani. Akakimbia tena hadi pwani ya Dalmatia, na huko, katika ngome ya Klis, mkewe akajifungua Margit. Wazazi walikuwa wameweka nadhiri kwamba nchi ikiokoka, mtoto atakuwa wa Mungu.

Wamongolia waliondoka mwaka 1242. Aliporudi alijenga ngome za mawe, na hilo kila kitabu kinalisema. Ukuta wa pili ulikuwa mabinti. Anna aliolewa na Rostislav, mwanamfalme wa Chernigov. Konstancia alikwenda Halych kwa Lev, ambaye jina lake ndilo la mji wa Lviv wa leo. Erzsébet alikwenda Bavaria. Jolán alikwenda Polandi Kuu, na Kinga alikuwa ameshatangulia Kraków, ameposwa kabla ya Wamongolia kufika. Mwanawe István alimwoza binti wa Wakumani, watu wa farasi waliotoka nyikani, ili wapiganaji hao wawe wakwe na si wakimbizi. Chora mabinti hao kwenye ramani utaona ua umeizunguka Hungaria kaskazini, mashariki na magharibi.

Mmoja tu ndiye hakukubali kuwa mti wa ua huo. Ottokar II wa Bohemia alipomtaka Margit, baba alikuwa radhi, na Papa angeweza kumfungua nadhiri. Margit alikataa, akabaki mtawa katika kisiwa cha Danube hadi alipofariki mwaka 1270. Ottokar akamwoa mpwa wa Margit, Kunigunda binti wa Anna.

Kwa Lajos, ukwe ulianza na damu. Mdogo wake András aliozwa Joanna, malkia wa Napoli. Usiku wa Septemba 1345, huko Aversa, András alitolewa chumbani akanyongwa, akiwa na miaka 17 hivi. Lajos aliingia Italia na jeshi mwaka 1347. Mwezi wa Januari uliofuata alimuua Carlo wa Durazzo, binamu yao, pale pale Aversa. Joanna alitorokea Provence, tauni ikaingia, Lajos akarudi nyumbani. Alikwenda tena mwaka 1350 na bado Napoli haikubaki mkononi mwake. Mke wake wa kwanza, binti wa Karl IV wa Bohemia, alifariki mapema. Wa pili, Elizabeta wa Bosnia, alimzalia mabinti watatu waliokua: Katalin, Mária na Jadwiga. Miaka yake ya mwisho aliitumia kuwatafutia mataji.

Mátyás alioa mara nyingi kuliko alivyofaidika. Jiří aliyemshika Prague alimwachia na kumpa binti yake Katalin, aliyefariki mwaka 1464 katika uzazi. Mwaka 1476 alimwoa Beatrice wa Napoli, na ndoa hiyo ililijaza jumba la Buda wachongaji, waandishi na vitabu kutoka Italia, ila haikuleta mtoto. Mwana pekee, János Corvin, alizaliwa mwaka 1473 na Borbála Edelpeck, mwanamke wa mji wa Stein, nje ya ndoa.

Kiti kilimwendea nani

Béla III aliwaachia wanawe Imre na András, na ndugu hao wakagombana hadi Imre akamfunga mdogo wake mwaka 1203. Ni kisa kifupi na rahisi kukifuata.

Béla IV aligombana na mwanawe mwenyewe. Mwaka 1262 waligawana ufalme, mwaka 1265 wakapigana Isaszeg na mwana akashinda. Lakini jibu la kweli la swali hili kwa Béla IV lilikuja miaka 31 baada ya kufa kwake. András III, mwanamume wa mwisho wa ukoo wa Árpád, alifariki Januari 1301, na wakajitokeza wagombea watatu: Václav wa Bohemia, Otto wa Bavaria, Károly Róbert wa Napoli. Vitabu huwaonyesha kama wageni watatu waliovamia kiti kisicho na mwenyewe. Rudi kwenye daftari. Otto ni mwana wa Erzsébet, kwa hiyo ni mjukuu wa Béla IV. Václav anatoka kwa Anna, kupitia yule Kunigunda aliyeolewa na Ottokar: ni kilembwe. Károly Róbert anatoka kwa István V kupitia Maria: kilembwe pia. Wagombea wote watatu ni uzao wa mzee mmoja, na wote wameingia kwa mlango wa kukeni. Walivutana miaka kadhaa, na Károly ilimbidi avikwe taji mara tatu, ya mwisho mwaka 1310, ndipo watu wakakubali kwamba amevikwa ipasavyo.

Lajos hakuwa na mwana. Huko Košice mwaka 1374 aliwapunguzia wakuu wa Polandi kodi, nao wakakubali binti yake arithi. Katalin alifariki mwaka 1378. Alipofariki Lajos mwenyewe, Septemba 1382, Mária alivikwa taji la Hungaria, na mwaka 1384 Jadwiga, msichana wa miaka 10 hivi, akavikwa Kraków kwa cheo cha mfalme, neno la kiume, kwa sababu Polandi haikuwa na utaratibu wa malkia anayetawala kwa haki yake. Alikuwa ameposwa na Wilhelm wa Austria. Wakuu waliivunja posa hiyo wakamwoza Jogaila wa Lithuania mwaka 1386, na muungano wa nchi hizo mbili ukaanzia hapo. Kwa Mária mambo yalikuwa machungu. Carlo mwingine wa Durazzo alikuja kuchukua taji, akauawa mwaka 1386, na mwaka uliofuata malkia mjane Elizabeta akanyongwa kifungoni.

Mátyás alikuwa ameshalipia urithi wake bila kukusudia. Ili Kaisari Friedrich III wa Ujerumani, wa ukoo wa Habsburg, amrudishie Taji Takatifu, lile la kuwavika wafalme wa Hungaria, mwaka 1463 alikubali kutoa florini 80,000, na mkataba ukasema akifa bila mrithi wa ndoa, ukoo huo utarithi. Aliuteka Vienna mwaka 1485 na akafia humo Aprili 1490. Wakuu walimpita János wakamchagua Ulászló wa Bohemia, ambaye alifunga na Beatrice ndoa ya kumtuliza tu, akaikana baadaye.

Cha kuona kwa macho

Béla III anawashinda wenzake hapa. Mwaka 1848 kaburi lake lilifukuliwa Székesfehérvár, na mkewe Agnes pembeni yake. Alikuwa mtu mrefu sana kwa zama zake, na alizikwa na taji, fimbo na upanga. Karne hii wataalamu wamepima vinasaba vya mifupa yake, na kipimo hicho ndicho kinachotumika kutambua mabaki mengine ya ukoo wa Árpád. Wengi wa wafalme wenzake mifupa yao imetawanyika.

Na kuna Taji Takatifu lenyewe, ndani ya Bunge la Budapest. Sehemu ya chini ilitengenezwa na Wagiriki miaka ya 1070. Kwa nyuma kuna picha za Kaisari Mikaeli Doukas na mwanawe, na duara la utukufu kichwani. Chini yake ni Géza I wa Hungaria, hana duara, na macho yake yameelekea pembeni kwa kaisari. Géza huyo ndiye aliyezaa ukoo uliomleta Béla III, ambaye ni kilembwe wake. Ukiiona picha hiyo kabla ya kusoma habari za yule kijana aliyebadilishwa jina Konstantinopoli, utajua Wagiriki walivyopanga heshima kati yao na Wahungaria.

Béla IV ameacha mawe: Buda, Visegrád, na magofu ya nyumba ya watawa kwenye kisiwa ambacho leo kinaitwa kwa jina la Margit. Kusini mwa Kraków kuna mgodi wa chumvi wa Wieliczka, wenye kanisa la Kinga chini ya ardhi na hadithi ya pete yake iliyoonekana ndani ya bonge la chumvi.

Kanisa kuu la Székesfehérvár alikozikwa Lajos liliharibiwa. Kilichobaki chenye kugusa moyo ni cha binti yake: kaburini mwa Jadwiga fimbo na tufe la kifalme havikuwa vya dhahabu, kwa sababu vito vyake aliviachia chuo kikuu cha Kraków.

Mátyás ana vitabu. Zaidi ya 200 vya maktaba yake vipo hadi leo katika nchi mbalimbali, vingine vikiwa na nembo ya kunguru mwenye pete mdomoni. Ana hadithi pia, za mfalme anayejibadilisha nguo ili aone wanyonge wanavyotendewa. Aliyekua akisikia habari za Abunuwasi na Harun Rashid atazizoea siku hiyo hiyo.

Yupi kwa nani

Kama wewe ni mwanafunzi na insha yako ina kurasa chache, mchukue Béla III. Ndoa ni mbili, mgeuko wa siasa uko wazi, na huhitaji kujua nchi 10 ili umweleze. Upungufu wake ni kwamba vita vikubwa vya kusisimua havipo.

Anayechora nasaba, au anayetaka kuelewa kwa nini nusu ya falme za Ulaya zilidai Hungaria, amchukue Béla IV na avumilie. Ni mzigo: mabinti wengi, nchi nyingi, majina yanayojirudia. Tenga karatasi kubwa na uandike wanawake kwanza, waume baadaye.

Mwalimu anayefundisha wasichana, au yeyote anayejiuliza mwanamke alitawala vipi zama zile, atampata Lajos mwenye faida kuliko wote, mradi asiishie mwaka 1382. Nusu bora ya habari za Lajos imo katika maisha ya Mária na Jadwiga. Kama visa vya mauaji ndani ya ukoo vinakukosesha usingizi, Napoli itakusumbua.

Mátyás anamfaa anayependa mtu aliyepanda bila jina la baba mfalme, na anayetaka kuvuka kuingia zama za Waosmani na Habsburg. Kwa uhusiano wa nasaba peke yake ana kidogo cha kukupa, kwa hiyo usimchague kama hilo ndilo linalokuleta.

Uliye Ulaya, ukipata siku moja Budapest, nenda asubuhi Bungeni ukalione taji. Vuka mto hadi kanisa la Buda linaloitwa la Mátyás. Ndani yake aliyelala ni Béla III, na Agnes pamoja naye. Jioni tembea kisiwani hadi kwenye magofu ya watawa, utafute mahali alipozikwa Margit. Lajos ndiye utakayemkosa siku hiyo. Yeye mfuate Kraków, kwa binti yake.